Zege la kupitisha maji kwa majivu ya pumba za mpunga

Si kila majivu yanafaa kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Choma pumba kwa nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi. Moto ukizidi hapo silika (madini yaliyomo ndani ya majivu) hugeuka fuwele, haishikani tena na chokaa ya saruji. Majivu meusi tii yana kaboni nyingi na hunywa maji, yaweke kando. Ya kijivu saga mpaka yawe laini kama saruji yenyewe, kisha chekecha.

Kwa saruji kilo 45 weka majivu kilo 5, kokoto safi za milimita 10 kilo 200, na maji lita 16 hivi. Mchanga usitie, ili yabaki matundu ya kupitisha maji. Lowesha kokoto kwanza, zikaushe uso tu.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi. Finyanga donge kiganjani: likimeguka, ongeza kidogo, uji ukichuruzika vidoleni umezidisha, utatuama chini na kuziba matundu. Ukitaka ulaini zaidi, afadhali kilainisha zege (dawa ya kuchanganya) kuliko maji.

Mwaga upesi, pitisha rola nyepesi (vaibreta, mashine ya kutetemesha zege, hapana!), funika kwa nailoni ndani ya dakika 20, uache siku 10. Majivu hukomaa polepole, kwa hiyo magari yasubiri siku 28.