Kabla ya kufungua dramu ya ditiokabameti

Karakana za kupaka vyuma nikeli na shaba huikimbilia ditiokabameti, dawa ya kutoa metali kwenye majitaka, pale chokaa inaposhindwa. Majitaka yakiwa na amonia au EDTA, kemikali zinazoishikilia metali majini, shaba hung'ang'ania humo humo hata umwage chokaa kiasi gani. Dimethili ditiokabameti ya sodiamu huinyang'anya: salfa zake huikamata metali, maji yanageuka kahawia, na chenga zinaanza kushuka. Kromu 6, umbo la kromu lenye sumu zaidi, haikubali; igeuzwe kwanza kuwa kromu 3.

Kabla hata ya glavu na miwani, uliza tindikali iko wapi. Ditiokabameti ikikutana nayo huvunjika na kutoa kaboni disulfaidi, mvuke wa sumu ulio mzito kuliko hewa, unaotambaa sakafuni na kutuama kwenye mashimo. Kimiminika chake huchemka kwa nyuzi 46 tu, na mvuke huweza kujiwakia ukigusa bomba lenye joto la nyuzi 100 hivi, bila cheche. Kwa hiyo pima pH ya majitaka, yaani kipimo cha utindikali wake, ipandishe hadi 8 au 9, ndipo umimine. Pampu na ndoo ziwe za dawa hii peke yake. Dramu yake na ya tindikali zisikae juu ya beseni moja la kuzuia mvujo. Kosa hilo halionekani mpaka siku zote mbili zivuje.

Kisha dozi, ambapo ndipo wengi hubahatisha. Kwa hesabu, gramu 1 ya shaba hutaka gramu 4.5 za dawa hii ikiwa kavu, yaani gramu 11 hivi za myeyuko wa asilimia 40. Nikeli na zinki nazo hula dawa, basi jaribu kwanza kwenye glasi kwa maji ya siku hiyo. Usizidishe ukidhani unajihami: inayobaki huua samaki. Desemba 1999 huko Anderson, Indiana, Marekani, majitaka ya kiwanda cha taa za magari yaliyotiwa dawa ya jamii hii yaliishia White River, na zaidi ya tani 100 za samaki zikafa.

Maji ya kuoshea macho yawe karibu, na madirisha wazi. Pombe nayo iachwe siku ya kazi: disulfiramu, dawa wanayopewa walevi ili pombe iwachefue, ni ndugu wa kemikali hii.

Tope la chenga zilizoshuka litafutiwe pa kwenda mapema, kwa kampuni yenye kibali cha taka hatari. Likichanganywa na taka zenye tindikali, metali hurudi majini.