Jinsi ya Kula na Familia Yako Siku ya Maafa ya Mbali

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tulikuwa tumekaa uani nyumbani kwetu Dodoma, kuku wako jikoni, ndugu wametoka Kondoa na Mpwapwa, simu za wakubwa zilipoanza kuita moja baada ya nyingine. Alfajiri ya siku hiyo tope, mawe na magogo vilikuwa vimeporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, na baadaye tulijua kwamba waliofariki walizidi 80. Mmoja wetu alizima redio. Shangazi alisema hawezi kumeza chakula. Watoto walibaki wameshika sahani, wakitazama nyuso zetu ili wajue kama wanaruhusiwa kucheka, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya dakika ile, kwa sababu hatukujua la kuwaambia.

Uliza kwanza una nani huko

Kabla ya kujiuliza kama ni halali kufurahi, jiulize kama kuna ndugu, rafiki au mfanyakazi mwenzako aliye katika eneo lenye maafa. Katesh iko kwenye barabara ya Singida kwenda Babati, na nyumba nyingi za Dodoma zina binti aliyeolewa upande ule au kijana anayenunua mazao huko. Mteueni mtu mmoja apige simu kisha awape wengine majibu, kwa maana simu 15 kwa mtu mmoja humalizia chaji siku ambayo huenda umeme haupo. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya pale simu ya sauti inapokataa. Ikiwa mna mtu wenu, basi msiba si wa mbali tena, na yaliyobaki hapa chini yatasubiri.

Tofautisha msiba wa mtaani na msiba wa mbali

Kwa desturi zetu jambo hili liko wazi kuliko tunavyodhani. Jirani akifiwa, muziki unazimwa, sherehe inasogezwa, na watu wanakwenda kukaa na wafiwa, kwa sababu furaha yako inasikika hadi kwenye turubai lao. Aliyepatwa mbali hasikii muziki wako. Anachoweza kupokea kutoka kwako ni mkono wako wa msaada tu, na mkono huo hauongezeki urefu kwa watoto wako kulala bila kupewa chakula walichoahidiwa.

Haya nayasema kwa sababu maafa yamewahi kutufikia sisi wenyewe. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima kati ya Msagali na Igandu, hapa mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Ndugu za abiria walimiminika Dodoma kutoka kila upande wa reli. Nyumbani kwetu tulilaza mama mmoja na kaka yake kutoka Tabora, waliokuwa wakimtafuta mdogo wao. Usiku wa kwanza mke wangu alisonga ugali na kupika mlenda kama kawaida, akawaonya watoto wakae kimya kabisa. Mwanetu mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu, hakuelewa katazo hilo. Alijaribu kuvuta mlenda kwa tonge, ukamtiririka hadi kwenye kiwiko, naye akaanza kuulamba. Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, akamvuta mapajani mwake, akamlisha hadi sahani ikaisha. Asubuhi aliniambia kwamba tangu habari zile zimfikie hapo ndipo alipopata kula.

Tangu siku hiyo sikubali kwamba nyumba iliyozima moto wake ndiyo inayoonyesha huruma zaidi. Mgeni yule alihitaji nyumba iliyopika, yenye mkeka wa ziada na mtoto asiyeogopa. Kwa hiyo unapoilinda furaha ya familia yako, unalinda pia uwezo wa nyumba yako kumpokea mtu.

Habari zipewe saa yake

Chagua muda mmoja au miwili ya kusikiliza, kwa mfano taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na katikati ya hapo weka simu kabatini. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzuie video zisijipakue zenyewe, kwa sababu vikundi vya ukoo hurusha picha za maiti bila onyo, na nyingine ni za mafuriko ya miaka iliyopita katika nchi nyingine. Mtoto mdogo akiiona nyumba ileile ikisombwa mara kumi anaweza kudhani zimesombwa nyumba kumi. Mtu mzima naye, hata kama anajua ni nyumba moja, mwili wake hupokea kila picha kama pigo jipya, na mwisho wa siku amechoka bila kuwa amemsaidia yeyote.

Waambie watoto ukweli mfupi

Usiwafiche, maana watasikia kwa jirani. Waulize kwanza wamesikia nini, kisha sahihisha palipopotoka. Siku ile binti wa mdogo wangu aliuliza kama Mlima Simba nao utatuangukia. Nilimweleza kwamba Hanang ni mlima wa volkano ya zamani, kwamba mvua kubwa ililowesha sehemu yenye miamba dhaifu hadi ikameguka na kushuka kama uji mzito, ilhali vilima vyetu vya Dodoma ni matale magumu. Sikumwambia kuwa hapa hakuna hatari yoyote, kwa kuwa hilo si kweli: nilimkumbusha kwamba korongo likijaa maji hatuvuki, hata kama wakubwa wengine wanavuka. Mtoto akipewa jambo dogo la kufanya kwa usalama wake, hofu yake hupata mahali pa kukaa.

Toa kabla ya kula

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine pote. Msaada mnaokusudia kuutoa utoeni kabla sahani hazijawekwa, hata kama ni shilingi 5,000, kwa sababu huruma isiyofanyiwa kazi hugeuka kuwa uzito unaokaa mezani pamoja nanyi. Peleka fedha kwenye akaunti iliyotangazwa na serikali au kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, wala si kwa namba uliyorushiwa na mtu asiyejulikana. Fedha ni bora kuliko vitu, kwa kuwa hununua kinachokosekana siku hiyo. Mkiamua kutoa nguo, mwachie mtoto achague mwenyewe nguo nzima ambayo bado anaipenda. Iliyochanika ibaki kuwa tambara la nyumbani.

Asiye na fedha ana damu. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, akiwa na afya njema, anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu yako huenda isifike Katesh, lakini itamfikia mtu.

Baada ya hapo mmoja wenu aombe dua au sala, awataje waliopatwa kwa jina la mahali pao, kisha kuleni. Kuleni kweli, msile kwa kuibia. Redio ikiwashwa, iwe ya kusikika uani tu. Picha za sahani na keki msizirushe mitandaoni siku hiyo, kwani miongoni mwa watakaoziona huenda yupo anayesubiri jina la ndugu yake kwenye orodha.

Andika tarehe nyingine

Michango huwa mingi juma la kwanza, kisha magari ya waandishi huondoka na watu hubaki kwenye mahema au kwa ndugu. Waliopoteza makazi Hanang walikabidhiwa nyumba zaidi ya 100 zilizojengwa Waret mnamo Desemba 2024, yaani mwaka mzima baada ya lile tope. Fikiria ni milo mingapi imo ndani ya mwaka huo. Ndiyo maana kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kanisani au ya msikitini, tunaandika jina la mahali hapo kwenye tarehe moja ya mwezi wa tatu baada ya tukio. Mwaka ule ilikuwa zamu ya shangazi kukusanya michango. Alikuja Jumapili ya mwanzo ya Machi, wakati zabibu zimejaa sokoni Majengo, akapitisha bakuli kabla ya chakula, na safari hiyo alikula.