Kupanga mabehewa ya treni ya usiku ya Kisumu

Anza kupanga kutoka mwisho wa safari ukirudi nyuma. Anayefunga mabehewa kadiri yanavyopatikana yadini ndiye atakayeshanti (kuyasogeza mbele na nyuma kuyapanga upya) Nakuru usiku wa manane, abiria wakiwa usingizini.

Behewa la kuachwa Nakuru likae mkiani, likatwe bila kugusa mengine. Treni ikigawanywa hapo, nusu Eldoret nusu Kisumu, ya nyuma iwe ile itakayongoja kichwa (injini) kingine, na iwe na gadi wake, msimamizi wa nyuma ya treni, na taa nyekundu.

Nyuma ya kichwa weka jenereta na mizigo, kelele ziishie hapo. Yafuate ya viti, la chakula, ya vitanda, kisha la gadi. La chakula hukaa katikati ili anayetoka kwenye viti kutafuta chai asipite milangoni pa waliolala. Jiko lake lielekee viti, maana sufuria huanza kugongana alfajiri. Kisumu, kichwa kikizungushwa kwa safari ya kurudi, mpangilio hupinduka na vitanda husogea karibu na injini. Panga upya mchana, muda upo.

Urefu ni hesabu tu: mabehewa 12 ya mita 18 ni mita 216, kichwa bado. Linganisha na jukwaa fupi kuliko yote njiani.

Breki ndizo zisizotaka mzaha. Kutoka Nakuru, kama mita 1,850 juu ya bahari, reli hupanda kupita mita 2,500 Mau Summit, kisha huporomoka hadi kama 1,150 Kisumu. Kwa breki za hewa, unga mipira ya hewa kati ya mabehewa, fungua koki (vali za kufungia hewa) zote za mabehewa isipokuwa ya mkiani kabisa, jaza bomba la breki hadi shinikizo la bar 5. Gadi afungue vali yake nyuma: mshale wa geji ya hewa ya dereva usiposhuka, kuna koki iliyosahauliwa imefungwa katikati, na mabehewa ya nyuma yake hayatamtii dereva. Kisha tembea treni nzima mara mbili, breki zikiwa zimeshika na zikiwa zimeachia. Inayong'ang'ania gurudumu italichemsha kabla ya kituo cha Londiani.

Breki ya behewa moja ikikataa kabisa, ifungie hewa, lakini behewa hilo lisiwe la mwisho. Koplingi (kiungo cha behewa na behewa) ikikatika mlimani, halitakuwa na cha kulizuia.