Kumwandaa muuguzi mfawidhi wa kesho: ukocha na mpango wa maisha ya kazi ndani ya wodi

Wodi nyingi hupata mfawidhi mpya, yaani muuguzi anayesimamia wodi, kwa ghafla. Aliyekuwepo kahamishwa au kaenda masomoni, na mwenye miaka mingi kazini anakabidhiwa funguo za kabati la dawa. Kuhudumia wagonjwa anajua vizuri sana. Kupanga zamu, kumwambia rafiki yake kwamba anachelewa, kutetea mahitaji ya wodi mbele ya mganga mfawidhi: hayo hakuna aliyemwandaa. Maandalizi hayo ni kazi ya mfawidhi aliyepo sasa, na yaanze angalau mwaka mmoja kabla hayajahitajika.

Chagua watu wawili au watatu, usichague mmoja. Mmoja akihamishwa unabaki mikono mitupu, na wenzake watamwona kipenzi cha bosi. Mchapakazi kuliko wote si lazima awe ndiye. Angalia makabidhiano ya zamu: nani anauliza kuhusu mgonjwa ambaye hakutajwa? Usiku mambo yakiwa magumu, wenzake wanamfuata nani? Kisha muulize mhusika kama anataka. Wapo wauguzi hodari wasiotaka uongozi kabisa, na ni haki yao.

Ukocha ni mazungumzo ya kumsaidia mtu afikirie mwenyewe: kaa na kila mmoja dakika 30, mara moja kila wiki mbili. Msikae kwenye meza ya wauguzi ambako kila ndugu wa mgonjwa anakatiza, wala usimwite anapotoka zamu ya usiku. Mazungumzo yafuate hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na atakachofanya. Hatua ya pili ndiyo ipewe muda mrefu zaidi, kama dakika 10, kwa kuwa wengi hukimbilia suluhisho kabla hawajaliona tatizo lenyewe.

Tuseme muuguzi anakuja na malalamiko ya ratiba:

"Dada, zamu za usiku watu wananuna. Nifanyeje?"
"Ungependa mwisho wa mwezi iweje?"
"Kila mtu aone amepangiwa sawa na mwenzake."
"Sasa hivi ikoje? Umeshahesabu?"

Hapo nyamaza. Hesabu kumi moyoni kabla ya kuongeza neno, maana ukimya huo ndio unaompa nafasi ya kufikiri. Akihesabu ataona mwenyewe: usiku 30 kwa wauguzi wawili kila usiku ni nafasi 60. Wauguzi wakiwa 12, kila mmoja anapata 5. Wawili wakiwa likizo, waliobaki 10 wanabeba 6 kila mmoja. Ikiwa kuna mwenye 9 na mwenye 3, manung'uniko yana msingi. Baada ya hapo uliza, "Unaona njia zipi?" na akitaja moja, "Nyingine?" Njia ya kwanza mara nyingi ni ile anayodhani unataka kuisikia.

Maswali ya "kwa nini" yatumie kwa uangalifu. "Kwa nini chati haikujazwa?" humfanya mtu ajitetee. "Nini kilikwamisha chati isijazwe?" humfanya aeleze, na hapo ndipo utakapogundua kwamba karatasi ziliisha saa nne usiku na stoo ilikuwa imefungwa.

Mgonjwa akibadilika ghafla, acha maswali. Hapo toa amri fupi, na mazungumzo yafanyike hali ikishatulia.

Mazungumzo peke yake hayatoshi. Mpe kazi halisi, na mamlaka yake. Anza na ratiba ya zamu ya mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza aketi nawe ukiipanga. Wa pili aipange yeye, wewe uikague kabla haijabandikwa. Wa tatu aibandike mwenyewe, akujulishe tu. Watangazie wauguzi wote kwamba ratiba ni yake, na anayetaka kubadilishana zamu aende kwake. Kosa linaloua mpango mzima ni hili: muuguzi anakujia pembeni kuomba abadilishiwe zamu, nawe unakubali. Siku hiyo kijana wako anakuwa karani tu. Baada ya ratiba, mpe kusimamia makabidhiano ya asubuhi, kisha maombi ya dawa na vifaa tiba.

Mpango wa maisha ya kazi uwe na kikao chake, mara mbili kwa mwaka, mbali na kikao cha kupima utendaji. Mtu anayesubiri alama hawezi kusema wazi kwamba wodi hii imemchosha. Weka mbele yake njia tatu: uongozi, ubobezi (ukunga, huduma ya dawa za usingizi wakati wa upasuaji, afya ya akili), na kufundisha vyuoni. Kwa anayoichagua, muandike kwenye ukurasa mmoja elimu inayohitajika, ada itatoka wapi, nani atabaki na watoto, na ombi la ruhusa ya masomo lipelekwe lini. Kwa mtumishi wa umma, ombi hilo lifike mapema ili liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Usiahidi cheo. Uteuzi haumo mikononi mwako, na ahadi isiyotimia huvunja imani yote mliyojenga.

Jihadhari na "sawa, Dada." Kwetu mdogo huitikia kwa heshima hata pale ambapo hajakubali. Mwombe aseme kwa maneno yake atafanya nini, siku gani, na kipi kinaweza kumkwamisha. Akishindwa kutaja siku, hajaamua bado. Rudini kwenye hatua ya njia.

Kipimo kizuri ni likizo yako ya siku 28. Mwachie wodi kwa barua ya kukaimu, na usipige simu kila jioni. Mkubaliane mambo ya kukutafutia, kama vile kifo chenye utata, dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, kupungua kwenye hesabu, au muuguzi kuumia kazini. Ukirudi, usitengue uamuzi wake mbele ya wenzake. Kaeni faragha umuulize kipi kilienda vizuri, kipi kilimlemea, na kipi angependa aendelee kukishika hata sasa ulivyorudi. Hicho cha mwisho mwachie.