Kuchapa mwani kwa jua, kwa njia ya Anna Atkins

Ukiwa na jua, maji safi, karatasi nzito na kemikali mbili, utachapa picha ya mwani bila kamera wala kalamu. Njia hii, sayanotaipu, aliivumbua Sir John Herschel huko Uingereza mwaka 1842. Haukupita muda mrefu, bibi mmoja wa Kent, Anna Atkins, akaichukua, na Oktoba 1843 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mwani wa Uingereza. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani kilichopambwa kwa picha za foto. Kukimaliza kulimchukua miaka 10.

Mimi nasomesha biolojia skuli ya sekondari hapa Unguja, na kazi hii huifanya na wanafunzi wangu. Wanaoielekeza wengi hukazania uzuri wa ile buluu. Mimi sikatai, ni buluu ya nili hasa. Lakini Bi Anna hakuwa anatengeneza pambo la ukutani.

Tena kuchora alijua. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, akalelewa na baba yake, John George Children, mwanasayansi aliyefanya kazi British Museum, jumba la makumbusho la London. Mwaka 1823 baba alipotoa tafsiri ya kazi ya Lamarck, mwanasayansi Mfaransa, kuhusu makombe, picha zaidi ya 200 zilichorwa na bintiye. Sasa mtu mwenye mkono kama huo kwa nini aache kalamu? Mwenyewe alieleza katika utangulizi wa kitabu: mwani mwingine ni mdogo na mwembamba mno, kuuchora sawasawa ni shida. Basi akauacha ujichore wenyewe.

Anza na mwani. Nenda maji yakitoka, na bamvua ndiyo nzuri zaidi kwa sababu miamba ya mbali huwa wazi. Usichukue mwani wa kulimwa, ule wa kwenye kamba. Kwanza una wenyewe, pili ni mnene: kioo hakiulalii, jua linapenya pembeni na picha inatoka na ukungu. Tafuta Ulva, ule wa kijani mwembamba kama karatasi, au Padina yenye umbo la kipepeo cha mkono. Ulva nauhusudu, maana mwanga hupita ndani yake kidogo, na kwenye picha utaona mikunjo yake yote, mmoja juu ya mwingine.

Uoshe kwa maji baridi mpaka mchanga na chumvi vitoke. Kisha mimina maji kwenye beseni pana, uuache mwani uelee humo, na upitishe chini yake kipande cha plastiki angavu na kigumu. Hapa usiwe na haraka. Tumia sindano au kijiti kutenganisha tawi na tawi, ukiacha maji yaunyooshe mwani, halafu inua plastiki taratibu kwa upande mmoja maji yachuruzike. Mwani utabaki umelala kama ulivyokuwa ukielea. Funika kwa kitambaa chembamba, weka magazeti juu na chini, gandamiza kwa vitabu, na ubadilishe magazeti kila siku hadi ukauke kabisa. Mwani mbichi utaichafua karatasi yako.

Kemikali zenyewe ni sitreti ya feri na amonia, unga wa kijani, na potasiamu ferisianidi, chembe nyekundu. Pima gramu 25 za ile ya kwanza kwa mililita 100 za maji, na gramu 10 za ya pili kwa mililita 100 nyengine. Weka kila moja kwenye chupa yake ya rangi, mbali na mwanga. Vaa glavu. Hiyo nyekundu usiichanganye na asidi kali ya maabara wala usiichemshe, inaweza kutoa gesi ya sumu. Wanafunzi wadogo wapake tu, kuchanganya kuwe kwa mwalimu.

Siku ya kazi, changanya viwango sawa, kwa kadiri utakayotumia siku hiyo. Funga mapazia; taa hafifu ya kawaida haidhuru. Paka karatasi ya rangi za maji kwa brashi pana, mara moja kwenda na mara moja kukata, kisha ianike gizani.

Sasa lebo, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Anna Atkins hakuandika majina baadaye kwa wino. Jina la kisayansi la kila mwani lilichapwa na jua pamoja na mwani wenyewe, kwa mwandiko wake, likatoka jeupe juu ya buluu. Picha na jina havitengani tena. Andika jina kwa kalamu nyeusi nzito kwenye ukanda wa plastiki angavu, uulaze kwenye karatasi upande wa chini wa picha, si ndani ya mwani, maandishi yakisomeka kwa juu. Kama jina huna uhakika nalo, ishia kwenye jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi.

Panga karatasi, mwani, lebo, kisha kioo, na ubane kwa vibanio vya nguo juu ya ubao. Toa juani. Jua letu la saa sita linafanya kazi kwa dakika chache. Siku ya mawingu subiri zaidi, na usitegemee saa, tegemea rangi. Kimanjano kitageuka kijani, kisha buluu, kisha kijivu kama shaba iliyochakaa. Ukiiondoa ikiwa bado buluu, itaoshwa yote ikimbie na maji. Iliyofika kijivu ndiyo imeiva.

Osha kwa maji mengi mpaka manjano yaishe kutoka. Kemikali isiyopigwa na jua huyeyuka, iliyopigwa imeshageuka buluu ya Prusia na haitoki. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi ni magumu na yanaipausha, kwa hiyo tia siki kidogo kwenye beseni la kwanza. Sabuni usiiguse kabisa. Buluu itazidi kukolea kwa siku nzima ikiwa kavu.

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli tarehe, ufukwe, na jina lako kamili. Bi Anna utangulizi wake aliutia saini kwa herufi mbili tu, A.A., na baadaye mwandishi mmoja akazisoma kuwa ni “Anonymous Amateur”, yaani mtu asiyejulikana, mpenda fani tu.