Simu za ofisi za intaneti: maneno ya kuyajua kabla hujalipa fundi

Siku hizi kila mwenye ofisi anaambiwa fungeni VoIP, yaani simu zinazopita kwenye intaneti, gharama za simu zitashuka, sawa ni kweli mara nyingi zinashuka, ila fundi akija anamwaga maneno, SIP, trunki, ekstensheni, kodeki, mwenye ofisi anaitikia tu alafu anajikuta kalipia vitu havihitaji au kafungiwa simu zinazokatakata mpaka wateja wanachoka. Hii inaniuma kwa kweli maana maneno yenyewe sio magumu. Tuchukue ofisi ya watu kumi hivi, tuseme mawakala wa forodha hapo Dar, kuna dada wa mapokezi, kuna wahasibu, kuna vijana wanaoshinda bandarini.

Shika hili kwanza. Simu moja ya intaneti inafanya kazi mbili na kila kazi ina njia yake. Kazi ya kwanza ni kuita, yaani kupiga namba, kengele kulia, kupokea, kukata, hiyo ni kazi ya SIP. Kazi ya pili ni kubeba sauti, hiyo ni ya RTP, sauti inakatwa vipande vidogo vinaitwa pakiti, kawaida kila pakiti imebeba sauti ya milisekunde 20 kwaiyo kila sekunde zinakwenda pakiti 50 na zinarudi 50. SIP kwa kawaida inapita poti ya 5060, poti ni kama mlango wenye namba kwenye mtandao, RTP inatumia poti zingine kabisa, kwenye Asterisk, programu ya kugawa simu nitakayoieleza hapo chini, ukiiacha ilivyo utakuta ni kati ya 10000 na 20000. Ndo maana unaweza kupiga, simu ikaita vizuri, mtu akapokea, na bado humsikii. Kuita kumepita, sauti imezuiwa njiani. Ukilijua hili tu tayari unaweza kuongea na fundi mkaelewana.

PBX ndo mtambo wenyewe unaogawa simu. Zamani lilikuwa boksi ukutani na manyaya ya shaba, sasa hivi ni programu tu. Inayojulikana sana ni Asterisk, aliianzisha Mark Spencer mwaka 1999 na ni ya bure, na FreePBX inakupa kurasa za kubofya juu yake ili usiandike mafaili kwa mkono. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo hapo ofisini au ukakodi kwa mtoa huduma ikakaa kwenye seva zake. Ikiwa ofisini, intaneti ikikata bado mnapigiana wenyewe kwa wenyewe, nje tu ndo hamtoki. Ya kukodi intaneti ikikata simu za mezani zote zinakufa, ila huna kazi ya kuitunza. Ofisi ya watu kumi isiyo na mtu wa IT naishauri ikodi, mtambo wa ndani usio na wa kuuangalia ni hatari, nitasema kwanini hapo chini.

Ekstensheni ni namba fupi ya ndani, 101, 102 na kuendelea. Ile sio kifaa, ni akaunti, ina jina na nywila, kwaiyo unaweza kuiweka kwenye simu ya mezani au kwenye simu yako ya mkononi kupitia programu kama Linphone au Zoiper. Kijana yuko bandarini na 105 yake mfukoni, mapokezi wanamhamishia mteja kama vile amekaa meza ya pili. Ili ipigike lazima iwe imejisajili, yaani inaiambia PBX kila baada ya muda kwamba niko hapa, kwenye anwani hii. Simu ikigoma kabisa angalia usajili kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Trunki ndo laini ya kutokea nje, unainunua kwa mtoa huduma, na hapa ndo watu wanapigwa. Trunki inauzwa kwa chaneli, chaneli moja ni maongezi moja kwa wakati mmoja. Watu kumi hawaongei na nje wote kwa pamoja, chaneli 3 au 4 zinawatosha wengi, zikijaa unaongeza. Uliza bei ya dakika kwa kila mtandao, uliza ada ya mwezi ya namba yako ya 022, uliza kama mteja ukimpigia ataiona hiyo namba, na mtoa huduma awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ukiwa Kenya ni Communications Authority.

Kodeki ni namna ya kufungasha sauti. G.711 ni safi, inakula kilobiti 64 kwa sekunde na ukijumlisha vichwa vya pakiti, yaani anwani na maelezo yanayotangulia kila pakiti, inafika kama 87 kila upande. G.729 inabana mpaka 8, na vichwa vyake inafika kama 31, ila sauti inapungua utamu kidogo. Sasa piga hesabu, maongezi manne kwa G.711 hayafiki hata nusu megabiti! Kwaiyo mtu akikwambia simu zinakata nunua bando kubwa zaidi, mwambie apime kwanza. Kinachoua sauti ni pakiti kuchelewa, kupotea, au kufika kwa kurukaruka, huko kurukaruka ndo wanaita jita. Ushauri wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ni sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Fanya ping, yaani amri ya kompyuta inayopima pakiti inachukua muda gani kwenda na kurudi, kwenda kwa mtoa huduma saa ambayo ofisi imechangamka, iache dakika kadhaa, uone kama muda unapanda na kushuka hovyo. Mara nyingi utakuta mhasibu anapakia mafaili makubwa, upande wa kupakia umejaa, sauti haina pa kupita. Dawa ni QoS kwenye rauta, unaiambia pakiti za simu zitangulie, na hiyo haikugharimu megabiti hata moja.

Ile ya kusikia upande mmoja tu, mshukiwa wa kwanza ni NAT kwenye rauta, yaani ule utaratibu wa vifaa vyote vya ofisi kutoka nje kwa anwani moja, na kuna kitu kwenye rauta hiyohiyo kinaitwa SIP ALG, kinabadilisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, kimewekwa kusaidia lakini mara nyingi kinavuruga, kizime ujaribu tena.

Umeme watu wanausahau. Simu ya shaba ilikuwa inapata umeme kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule, hizi hazina hiyo. Nunua swichi ya PoE, inapeleka umeme kwenye kebo ya mtandao, alafu weka UPS moja, lile boksi la betri ya akiba, ishike swichi, rauta na kile kiboksi cha faiba. Ukiacha kimoja nje umeme ukikatika ni kimya.

Na ule utunzaji niliosema. Kuna mashine huko duniani zinazunguka usiku na mchana kutafuta poti 5060 zilizo wazi na kujaribu nywila, ekstensheni 101 nywila 101 inaingilika fasta sana, wakishaingia wanapiga namba za ghali nje ya nchi usiku kucha na bili inakuja kwako. Weka nywila ndefu za ovyoovyo, usiache hiyo poti wazi kwa dunia nzima, funga simu za kimataifa kama huzihitaji, na trunki iwe ya malipo ya kabla ili salio likiisha na wizi uishie hapo. Hayo fundi ayafanye ukiwa umesimama pembeni yake, kabla hujammalizia hela yake.