Kupima sauti ya jua inavyopanda usumaku ukizidi

Mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya jua huufanya uso wake upande na kushuka kila dakika 5 hivi, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya karibu maikrohezi 3,000; maikrohezi ni hezi gawanya kwa milioni. Usumaku ukizidi, masafa hupanda, kama udi uliokazwa nyuzi. Tofauti ni takriban maikrohezi 0.4 tu kati ya mwaka wa madoa machache ya jua, usumaku ukiwa mdogo, na wa madoa mengi, ukiwa mkubwa, lakini kompyuta ya kawaida inaiona.

Hatua ya 1: pakua data, usijipimie. Hapa Unguja jua likizama tunakosa nusu siku nzima, na pengo hilo la kila siku huzaa vilele vya uongo kwenye grafu ya masafa (kila kilele ni sauti moja ya jua), maikrohezi 11.57 kila upande wa kilele cha kweli (1 gawanya kwa sekunde 86,400). Vilele vya kweli vyenyewe, baadhi vimepishana kwa 9 tu, basi vinaparamiana na vya uongo hata huvijui. Ndiyo maana BiSON, mtandao wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, unaopima mitetemo ya jua, una vituo sita, kikiwamo cha Sutherland, Afrika Kusini, na Las Campanas, Chile: huku kukichwa, kule kunakucha. Data yao ni ya bure, kipimo kila sekunde 40. Faili ni nzito, pakua usiku.

Hatua ya 2: kata vipande vya siku 365, kimoja cha 2008 hadi 2009 jua lilipotulia, kingine cha 2014. Usifanye pupa ukakata mwezi mmoja. Siku 30 hutenganisha masafa kwa 0.39 tu, sawa na badiliko lenyewe unalolitafuta! Mwaka hutoa 0.03.

Hatua ya 3: piga mgeuzo wa Fourier (hesabu inayochambua mtetemo kuwa masafa yake) kwa lugha ya kompyuta ya Python, tazama kati ya 2,500 na 3,500. Usishike ncha ndefu kuliko zote, kwani kilele kina upana wa kama maikrohezi 1 na kimejaa miiba. Kipitishie mkunjo wa Lorentz (mchoro laini wenye umbo la kengele), chukua katikati yake. Rudia kwa vilele kadhaa, kisha tafuta wastani wa tofauti.

Hatua ya 4: linganisha na mawimbi ya redio ya jua ya sentimita 10.7, kipimo cha uchangamfu wake, yanayopimwa Penticton, Kanada. Vilele vya 2014 vitakuwa vifupi na vipana zaidi, maana usumaku huidhoofisha mitetemo.

Mwisho kagua vilele vya chini ya 2,000. Mawimbi yake hugeuka kabla ya kufika tabaka la juu linalobadilika, kwa hiyo havisogei sana. Vikipanda sawa na vingine, kasoro iko kwenye hesabu yako, si kwenye jua.